Kichwa kimegongwa lakini anaongea vizuri: abaki nyumbani, aende zahanati au akapige CT scan?

Kando ya barabara majeruhi hupimwa kwa maswali mawili: anatoka damu? Anaongea? Kijana akiitikia salamu na kusimama kwa miguu yake, watu hutawanyika, bodaboda huinuliwa na safari huendelea. Hapa Tanga, iwe Ngamiani, iwe njia ya Pongwe, kipimo ni hicho hicho. Kwa mfupa uliovunjika kinaweza kusaidia. Kwa ubongo hakisaidii kitu. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu, ili mtu aliyebaki na majeruhi mkononi ajue achague nini kati ya kumrudisha nyumbani, kumpeleka zahanati ya mtaa, au kumfikisha hospitali kubwa yenye mashine ya CT scan, inayopiga picha ya ndani ya kichwa.

Nimefanya kazi ya uuguzi upande wa majeruhi, na msimamo wangu nauweka mbele mapema. Mahali pazuri kwa mtu aliyegongwa kichwa ni pale atakapoulizwa maswali ya kutosha, akiwa na mtu anayemfahamu wa kujibu pamoja naye. Mashine inafuata baada ya hapo, kwa wale wanaoihitaji. Watu wengi ama hawaendi kokote kwa kuwa hakuna damu, ama wanakimbilia picha, na picha ikitoka safi wanaamini hakuna lililotokea.

Kwa nini halionekani

Mtikisiko wa ubongo hutokea kichwa kinapopigwa au kinaporushwa kwa ghafla, ubongo ukasukwasukwa ndani ya fuvu. Nyuzi nyembamba zinazounganisha seli za ubongo hunyooshwa. Madini kama potasiamu na kalisiamu, ambayo kila moja ina mahali pake ndani au nje ya seli, huhama. Seli hutumia nguvu nyingi kuyarudisha, na hapo hapo damu inayoleta sukari huwa imepungua. Kwa siku kadhaa, pengine wiki, mtu anaishi na ubongo wenye upungufu wa nguvu. Mara nyingi hakuna kilichokatika wala kilichovuja kiasi cha kuonekana kwenye picha.

Kitaalamu jeraha huwekwa katika kundi la madogo ikiwa mtu hakuzimia, au alizimia kwa muda usiozidi dakika 30. Ikiwa kumbukumbu zake zilivurugika kwa muda usiozidi saa 24. Na ikiwa alama zake kwenye kipimo cha Glasgow ni 13 hadi 15. Kipimo hicho kilitungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Kinaangalia macho yanavyofunguka, mtu anavyojibu, na viungo vinavyotii amri. Alama ya juu kabisa ni 15, na mwenye mtikisiko mara nyingi anapata hizo 15 zote, sawa na wewe unayesoma hapa. Kipimo kilitengenezwa kupima kina cha kupoteza fahamu. Hakikukusudiwa kujua kama mama ntilie huyu kesho atakumbuka nani kalipa na nani bado.

Halafu kuna jambo ambalo hata watumishi wa afya hulisahau: wengi wenye mtikisiko hawazimii kabisa. Ukimuuliza "ulizimia?" akasema hapana, hujapata jibu la kutosha. Na hata aliyezimia anaweza kusema hapana kwa moyo safi, kwa sababu kiungo kinachotakiwa kutunza kumbukumbu ya tukio ndicho kilichoumia. Muulize badala yake: kitu cha mwisho unachokumbuka kabla ya ajali ni nini? Na cha kwanza baada yake? Akisema anakumbuka akipita Mkwakwani, kisha anakumbuka yuko kwenye benchi la zahanati amefungwa bendeji, una pengo kubwa mkononi, na pengo hilo lina maana kuliko nundu iliyo kwenye paji la uso.

Mkoani kwetu kuna sababu nyingine za kulificha jeraha hili. Ya kwanza ni malaria. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili umechoka, usingizi mbaya: mtu yeyote wa pwani akisikia orodha hiyo anajua pa kwenda. Atapimwa malaria na kupewa panadol, na kama kipimo kikisoma hasi, watu huhamia taifodi. Aliyeanguka Jumamosi akaanza kuumwa kichwa Jumanne, mara nyingi hata yeye mwenyewe haunganishi hayo mawili. Naomba sana: kila anayekuja na kichwa kuuma, kabla ya tone la damu, aulizwe kama ameanguka au amegongwa ndani ya wiki chache zilizopita. Swali hilo halina gharama yoyote. Na akikutwa na malaria kweli, hilo halifuti kuanguka kwake. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Ya pili ni jeraha linalopiga kelele zaidi. Mguu uliovunjika unavuta macho ya kila mtu chumbani. Unanyooshwa, unafungwa plasta, mgonjwa anaruhusiwa, na hakuna aliyeuliza habari ya kichwa. Hili halitokei kwetu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Marekani ulilinganisha majeruhi waliochunguzwa na watafiti katika idara za dharura na kile madaktari walichoandika kwenye mafaili. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na jeraha dogo la ubongo hawakuandikiwa hivyo. Kama hospitali zenye kila kitu zinapitwa kiasi hicho, sisi tunaohudumia foleni ndefu tunapaswa kuwa makini maradufu.

Pombe nayo. Anayenuka mnazi au gongo akiyumba, huonekana kalewa, basi, na anaachwa alale. Huenda kweli kalewa, na huenda kalewa na ubongo umeumia. Wawili hawa kwa macho wanafanana, kwa hiyo mlevi aliyeanguka ahesabiwe kuwa majeruhi wa kichwa mpaka uthibitike ukweli mwingine.

Kuna pia wanaoficha kwa kuogopa. Kijana wa bodaboda asiye na leseni anaogopa kwamba hospitalini atadaiwa PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi. Mwanamke aliyesukumwa akagonga kichwa ukutani atasema aliteleza bafuni, hasa kama aliyemsukuma ndiye aliyemsindikiza. Muuguzi mwenye busara humtoa msindikizaji nje kwa dakika mbili. Mvuvi aliyepigwa na foromali wakati tanga linageuzwa atasema ni kawaida ya baharini, na kweli ni kawaida, ila kichwa hakizoei.

Kumrudisha nyumbani

Nyumbani pana faida ambayo hospitali haina: watu wanaojua huyu mtu jana alikuwaje. Mkewe ataona kwamba leo anauliza jambo lile lile mara ya tatu, kwamba anakasirikia watoto kwa kelele ambazo hazikumsumbua maisha yake yote, kwamba ameweka chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Daktari aliyemwona kwa dakika kumi hawezi kuona hayo.

Udhaifu wa nyumbani ni pale anapokuwa peke yake. Kijana anayepanga chumba Makorora, akajifungia akalala, hana wa kumwangalia, na kwake nyumbani si chaguo hata kama anajisikia vizuri. Lazima awepo mtu mzima wa kukaa naye saa 24 za mwanzo. Kulala anaruhusiwa, ile desturi ya kumkesha majeruhi kwa nguvu haina faida, usingizi unamsaidia. Mimi huwashauri ndugu wamwamshe mara mbili tatu usiku wa kwanza, wamuulize jina lake na yuko wapi, kisha wamwache alale tena.

Kuhusu dawa, panadol inatosha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziepukwe siku mbili za mwanzo, kwa kuwa zinaweza kuongeza uvujaji wa damu kama upo. Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye duka la dawa ukisema "nimeanguka, mwili wote unauma" unaweza kupewa diklofenaki bila swali la pili. Pombe isiguswe.

Kwa nani nyumbani panatosha moja kwa moja? Kwa aliyegongwa kidogo, hakuzimia, anakumbuka tukio lote mwanzo hadi mwisho, hajatapika, hana kizunguzungu, hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda, si mzee, na ana mtu wa kukaa naye. Likikosekana moja kati ya hayo, atoke akaonwe.

Zahanati au kituo cha afya cha jirani

Hapa ndipo napatetea kuliko watu wanavyopathamini. Wengi husema "zahanati hawana mashine, tutapoteza muda." Lakini mtikisiko wa ubongo hutambuliwa kwa mahojiano na uchunguzi wa mwili, na vyote viwili vinawezekana kwa tochi, kiti na mtu aliyefundishwa. Mganga wa zahanati anaweza kuangalia mboni za macho kama ziko sawa, nguvu za mikono na miguu, jinsi mtu anavyosimama kwa mguu mmoja na kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari. Anaweza kumpa maneno matano ayakumbuke baada ya dakika chache, na kumwambia ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma.

Maswali yenyewe yana ufundi wake. "Unaitwa nani? Leo siku gani?" ni maswali ambayo mwenye mtikisiko hujibu vizuri tu. Mwaka 1995 watafiti wa Australia waliofuatilia wachezaji wa mpira walionyesha kwamba maswali ya mambo ya karibuni hunasa zaidi: tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga goli la mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda? Kocha wa timu ya mtaa pale Tangamano anaweza kuuliza haya bila cheti chochote. Kwa dereva wa bodaboda geuza: abiria wako wa mwisho ulimtoa wapi? Alikulipa kiasi gani? Asubuhi ulijaza mafuta wapi?

Zahanati inashindwa kwa njia mbili. Kwanza, haiwezi kuona damu inayovuja ndani ya fuvu, na inapaswa kutoa rufaa mapema bila kusubiri hali ibadilike. Pili, haraka ya foleni: kidonda kinasafishwa, sindano ya pepopunda inachomwa, "mwingine aingie". Ukiona hukuulizwa lolote kuhusu kichwa, sema wewe. "Daktari, alipoanguka alikaa kama dakika mbili haelewi, na anaturudishia swali moja." Sentensi hiyo moja kutoka kwa shangazi aliyeshuhudia ina uzito kuliko dakika tano za kumkagua mgonjwa anayejibu kila kitu kwa "niko sawa".

Hospitali kubwa, na maana ya picha

Kwa Tanga mjini, watu wakisema hospitali kubwa wanamaanisha Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayetoka Lushoto, Pangani au Handeni ana safari ya kuhesabu nauli na muda. Upasuaji wa ubongo wenyewe una kituo chake kikubwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, watu wanayoiita MOI, na huko ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Kwa sababu ya umbali huo, uamuzi wa nani apige picha na nani asipige unapaswa kufanywa kwa akili mapema, na siyo saa nane za usiku mtu akiwa ameshaanza kukoroma vibaya.

X-ray ya kichwa ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo inayowadanganya wengi. Inaonyesha mfupa wa fuvu. Ubongo hauonekani, damu iliyovuja ndani haionekani. X-ray safi haikuambii lolote kuhusu mtikisiko, wala haikuhakikishii kwamba hakuna uvujaji. Kama fedha ya familia inatosha picha moja tu, isiwe hii.

CT scan ni kitu kingine. Tangu Godfrey Hounsfield na wenzake walipomweka mgonjwa wa kwanza kwenye mashine hiyo mwaka 1971 huko London, imeokoa watu wasiohesabika, kwa kuwa ndani ya dakika chache inaonyesha damu, uvimbe mkubwa na ufa wa fuvu. Hivyo ndivyo vinavyoua leo usiku, na ndivyo inavyovitafuta. Nyuzi zilizonyooshwa hazioni. Sehemu kubwa ya wenye jeraha dogo la ubongo CT yao hutoka safi kabisa. Daktari akikwambia "picha haina kitu", pokea kwa shukrani: maana yake hakuna damu ya kufanyiwa upasuaji. Kisha uliza swali la pili: "Na mtikisiko, je?" Akikwambia "mgonjwa yuko salama, aende", bado una haki ya kupewa maelezo ya siku zijazo.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, huona zaidi. Watafiti wa Marekani wamekuta kwamba takriban robo ya majeruhi wa kundi hili ambao CT yao ilikuwa safi, walikuwa na alama kwenye MRI. Lakini ni ghali, ni adimu, na robo tatu waliobaki nao waliumwa bila picha kuonyesha. Kwa mgonjwa wa kawaida wa Tanga, MRI haina haja wiki ya kwanza. Huja baadaye, kama dalili zimegoma kuondoka na daktari wa mishipa ya fahamu ameiomba. Vipimo vya damu vinavyotafuta protini za ubongo vipo pia. Marekani viliidhinishwa mwaka 2018. Kazi yake kubwa ni kusaidia kuamua nani asihitaji CT, kwa hiyo navyo havikupi jibu la mwisho kuhusu mtikisiko.

Nani basi apige CT? Kuna kanuni ya Kanada iliyochapishwa na Ian Stiell na wenzake mwaka 2001, naipenda kwa sababu inafanya kazi hata kwa mtu aliye mbali na mashine. Inahusu mtu mzima aliyezimia, aliyepoteza kumbukumbu au aliyechanganyikiwa. Huyo apelekwe kwenye picha kama baada ya saa mbili bado hajafikia alama 15 za Glasgow. Kama fuvu linaonekana limebonyea, au ana damu au maji yanayotoka sikioni au puani, au weusi umezunguka macho yote mawili au uko nyuma ya sikio. Kama ametapika mara mbili au zaidi. Kama ana miaka 65 na kuendelea. Kama amesahau zaidi ya nusu saa ya kabla ya ajali. Au kama tukio lenyewe ni zito, yaani mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari, mtu aliyerushwa nje ya gari, aliyeanguka kutoka urefu wa kama mita moja au ngazi tano. Mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini kwa hiyo hajadiliwi. Kanuni haiwahusu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Hao waende hata kama wanajisikia vizuri. Waliopata degedege baada ya kugongwa, waliolegea upande mmoja, ambao mboni moja imepanuka, au wasioamshika, hao hawahitaji kanuni. Ni usafiri wa haraka uwezekanao.

Kwa watoto nasita zaidi. Mionzi ya CT ni mingi kuliko ya X-ray ya kifua kwa mbali, na mtoto aliyegongwa kidogo, anacheza, ananyonya au anakula, hufaidika zaidi na kuangaliwa kwa saa kadhaa hospitalini kuliko kupigwa picha. Mtoto hawezi kusema "nina kizunguzungu". Atakataa kucheza, atalia bila sababu, atakuwa mzito kuamka, au aliyeanza kutembea ataanza kuyumba.

Kuhusu PF3, majeruhi aliye hatarini anatakiwa atibiwe kwanza, fomu ifuate. Na fomu hiyo ina faida kwenu: daktari anaandika majeraha aliyoyakuta. Hakikisha kichwa kimetajwa. Mwenye kudai fidia ya ajali miezi sita baadaye, akisema tangu siku ile hakumbuki mambo, huku karatasi inataja goti tu, atapata shida kuaminiwa.

Siku zinazofuata

Uchaguzi hauishii siku ya kwanza. Mwongozo wa wataalamu wa michezo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 unataka mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha mwendo mwepesi. Kumfungia mtu chumba cha giza wiki nzima kunamchelewesha kupona. Atembee, afanye shughuli ndogo, apunguze simu siku mbili za mwanzo, na kama dalili zinapanda sana apunguze kasi. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi; watoto wanaweza kuchukua mwezi.

Mchezaji asirudi uwanjani siku hiyo hiyo, hata akibembeleza. Tangu mwaka 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kutumia mabadiliko ya ziada ya kudumu kwa anayeshukiwa kupata mtikisiko, kwa hiyo hata hoja ya "tutabaki pungufu" imeanza kupata jibu. Dereva wa bodaboda naye asipande pikipiki mpaka kizunguzungu kiishe na aweze kugeuza shingo haraka bila dunia kuzunguka. Najua siku bila kazi ni siku bila hesabu ya bosi. Chama cha kituo kikimkopesha siku tano, kinamlinda yeye na abiria wake.

Pia kuna wazee. Babu aliyejigonga kwenye mlango wiki tatu zilizopita, sasa anachanganya majina, anaburuta mguu, analala mchana: familia husema ni uzee, wengine wanamtafutia kisomo. Asomewe, hakuna ubaya. Ila damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo wake kwa wiki kadhaa na kuonyesha dalili hizo hizo, na hiyo CT inaiona vizuri na upasuaji unaitibu. Huyu apelekwe wiki hii.

Na yule ambaye wiki ya nne imefika bado kichwa kinamuuma, mwanga unamchoma, hasira ziko karibu na hesabu zinampotea, arudi hospitali akiwa na karatasi ya siku ya kwanza na mtu anayeishi naye. Mtu huyo aanze kuongea yeye.